Komeo Litakuwa Upande Gani?

Ndugu msomaji, hivi karibuni nilikuwa Ndandalo, wilayani Kyela, nilikoitwa kuhudhuria kikao cha ukoo. Jambo lililotukutanisha ni kurudi nyumbani kwa kijana wetu mmoja ambaye, kwa heshima yake, sitamtaja jina. Alikuwa amekaa hospitalini kwa miezi kadhaa akitibiwa maradhi ya akili, na madaktari walikuwa wamemruhusu kurudi kwa mama yake.

Tulifika kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Kabla ya kupelekwa kutibiwa, kijana alilitia moto ghala la baba yake mdogo, na mpunga wa msimu mzima ukateketea. Kwa hiyo Baba Mdogo alipoomba nafasi ya kusema, sote tulikwisha kujua atasema nini. Alipendekeza kijana ajengewe nyumba yake ndogo nyuma ya migomba, mbali kidogo na nyumba nyingine, na mlango wake utiwe komeo. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mama mzazi alikuwa akitazama chini. Ndipo kijana mwenyewe, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alipoinua mkono kama mwanafunzi darasani, akauliza: "Baba, komeo litakuwa upande gani?"

Hakuna aliyemjibu. Kikao kiliahirishwa hadi kesho yake, nami usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nikiwaza habari za nyumba ambazo watu wa Afrika Mashariki na nchi jirani wamewawekea wagonjwa wa akili katika miaka mia moja na zaidi iliyopita. Habari hizo hazisimuliwi mara kwa mara katika kurasa za familia, lakini ni habari za familia hasa, kwa maana kila aliyeingia katika nyumba hizo alitoka katika nyumba ya mtu.

NG'AMBO YA ZIWA

Sisi wa Kyela tukilitazama Ziwa Nyasa, tunatazama pia nchi ya majirani zetu wa Malawi, ambayo zamani iliitwa Nyasaland. Ukivuka Mto Songwe unawakuta Wangonde, ambao lugha yao na mila zao ni ndugu wa Wanyakyusa. Basi tuanzie huko. Mbali kusini, katika mji wa Zomba uliokuwa makao makuu ya serikali ya kikoloni, nyumba ya kwanza ya wendawazimu ya nchi hiyo ilifunguliwa mwaka 1910. Haikujengwa peke yake mahali pake. Ilikuwa ni sehemu ya Gereza Kuu la Zomba.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Mgonjwa asiye na kosa lolote aliwekwa chini ya ukuta mmoja na mwizi na muuaji. Waliomlinda walikuwa askari magereza, ambao kazi waliyofundishwa ni kuzuia watu wasitoroke. Wengi walifikishwa pale na polisi na mahakama, baada ya kuokotwa barabarani au kufanya fujo mahali pa kazi. Mpangilio huo wa kuwaweka wagonjwa gerezani uliendelea kwa miaka ipatayo arobaini, mpaka hospitali mpya ya maradhi ya akili ilipojengwa mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1950. 

Katika miaka ya 1930 madaktari wawili wa Kiingereza, Shelley na Watson, waliwachunguza wagonjwa 84 waliokuwa Zomba, na mwaka 1936 wakachapisha matokeo yao. Swali lililowashughulisha lilikuwa ni kama Mwafrika anapatwa na wazimu kwa sababu ya kukutana na elimu na maisha ya Kizungu. Mtu aliyetolewa kijijini kwake akafungiwa ndani ya gereza angeweza kuwa na swali jingine kabisa, lakini yeye hakuwa ndiye mwandishi wa taarifa.

NYUMBA YA WATOTO WA WATUMWA

Hapa kwetu Tanzania, nyumba ya kwanza ya namna hii ilikuwa Lutindi, juu ya milima ya Usambara, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Korogwe. Nayo haikujengwa kwa ajili ya wagonjwa. Chama kimoja cha Waprotestanti wa Ujerumani kiliianzisha mwaka 1896 iwe makazi ya watoto waliokombolewa utumwani.

Sisi wa mwambao wa kaskazini ya Nyasa tunaielewa vizuri sababu ya kuwako kwa makazi kama hayo. Miaka hiyo biashara ya utumwa ilikuwa imetuzunguka. Mfanyabiashara Mlozi alikuwa na ngome yake jirani ya Karonga, umbali mfupi kutoka mpaka wetu wa leo, na vita vya kumwondoa vilianza mwaka 1887. Havikwisha mpaka Desemba 1895, Waingereza walipoiteka ngome yake wakamnyonga. Watoto waliosombwa katika vita na misafara ya namna hiyo, wakikombolewa njiani au pwani, hawakuweza kurudi kwao kwa urahisi, kwani wengine hawakujua hata jina la nchi walikotoka.

Biashara hiyo ilipofifia, watoto wa kupelekwa Lutindi walipungua. Nyumba zilikuwapo, watumishi walikuwapo, na katika koloni nzima hapakuwa na mahali pa kuwaweka wagonjwa wa akili isipokuwa gerezani. Ilipofika mwaka 1905 Lutindi ilikuwa imekwisha kuwa nyumba ya wagonjwa hao, ya kwanza katika koloni lote la Wajerumani la Afrika Mashariki.

Watumishi wa Lutindi walikuwa na uhusiano na Betheli, karibu na mji wa Bielefeld huko Ujerumani. Betheli ilianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa, na kuanzia mwaka 1872 iliongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Mafundisho ya Betheli yalikuwa kwamba mgonjwa asiachwe akae bure akiutazama ukuta. Apewe kazi anayoiweza, ale matunda ya kazi hiyo, na ahesabiwe kuwa mtu miongoni mwa watu. Wazo hilo lilipandwa Usambara likashika mizizi. Lutindi ingali hospitali mpaka leo, chini ya Kanisa la Kilutheri, na kazi za mikono na kilimo, pamoja na chai, zimekuwa ni sehemu ya matibabu yake.

Sisemi kwamba Lutindi ya Wajerumani ilikuwa mbinguni. Ilikuwa ni nyumba ya wakati wa ukoloni, na mgonjwa hakuulizwa kama anataka kupelekwa huko. Lakini tofauti ya jembe na mnyororo si tofauti ndogo. Aliyepewa jembe ameaminiwa kwa kitu ambacho angeweza kumpiga nacho mwenzake.

KARANTINI YA NDUI NA GEREZA LA HOIMA

Tukienda Kenya tunakuta habari za namna ile ile. Hospitali ya Mathari mjini Nairobi ilianza mwaka 1910 kwa jina la Nyumba ya Wendawazimu ya Nairobi. Majengo yake yalikuwa yamejengwa kuwa karantini ya wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ilipewa jina la Mathari. Ndani yake Wazungu, Waasia na Waafrika waliwekwa mbalimbali, kana kwamba wazimu nao una rangi.

Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 Mathari iliongozwa na daktari aliyeitwa Carothers, ambaye aliishika kazi hiyo bila ya kusomea utabibu wa akili. Kutokana na watu aliowaona ndani ya kuta zile aliandika juu ya akili za Waafrika wote, akidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka 1953 kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maandishi yake mengine yaliyoeleza vita vya Mau Mau kuwa ni matatizo ya akili badala ya madai ya ardhi. Hivyo nyumba iliyofungwa kwa nje ilitumika kuwafungia hata wale wasiowahi kuingia ndani yake.

Nchini Uganda, katika miaka ya 1920, wagonjwa waliwekwa katika gereza la Hoima. Baadaye walihamishiwa kilima cha Mulago mjini Kampala, na mwaka 1955 Hospitali ya Butabika ikafunguliwa. Huko Afrika ya Kusini, kisiwa cha Robben, ambacho ulimwengu unakijua kwa ajili ya kifungo cha Nelson Mandela, kilipokea wendawazimu na wakoma tangu mwaka 1846.

Ukiyaweka majengo haya yote pamoja, utaona jambo moja. Gereza la Zomba, makazi ya watoto wa Lutindi, karantini ya Mathari, gereza la Hoima na kisiwa cha Robben: hakuna hata moja lililoanza kwa kuulizwa mgonjwa wa akili anahitaji nyumba ya namna gani. Alipewa jengo lililobaki, au kona ya jengo la wengine. Na kwa kuwa majengo mengi kati ya hayo yalikuwa ya kuwatenga watu, komeo lake lilikuwa limekwisha kuwekwa upande wa nje kabla mgonjwa hajafika.

Wala Ulaya haikuwa bora kuliko sisi. Huko Ujerumani, katika miaka ya 1940 na 1941, serikali ya Hitler iliwaua kwa gesi watu wapatao 70,000 waliotolewa katika nyumba za wagonjwa wa akili na vilema. Walikuwa tayari wametengwa na jamaa zao, majina yao yakiwa katika madaftari. Ilitosha kuleta mabasi mlangoni.

MIREMBE NA VIJIJI

Serikali ya Kiingereza ilipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliweka hospitali yake ya wagonjwa wa akili Dodoma, mwaka 1927. Hiyo ndiyo Mirembe tunayoijua. Jirani yake ikawapo Isanga, kwa ajili ya wagonjwa waliofikishwa huko kwa njia ya mahakama baada ya kutenda makosa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kyela aliyeshindikana nyumbani hakuwa na mahali pengine pa kupelekwa. Alipanda lori mpaka Mbeya, kisha Iringa, kisha Dodoma, na ndugu waliomsindikiza walirudi wasijue watamwona tena lini. Nauli ya kwenda kumtazama ilikuwa sawa na magunia ya mpunga.

Umbali huo ndio uliolifanya jina la Mirembe kuwa tusi midomoni mwetu. Mtu akivaa nguo kinyume, au akisema jambo tusilolielewa, tunamwambia arudi Mirembe, na wote wanacheka. Hospitali hiyo leo ni ya taifa, na watu wengi wameponea hapo. Lakini sisi tunaendelea kulitumia jina lake kama fimbo, na mwenye mgonjwa nyumbani akitusikia anazidi kumficha.

Dawa nazo zilibadilisha mambo. Mwaka 1952, katika hospitali moja ya Paris, madaktari walianza kuwapa wagonjwa dawa iliyokuja kujulikana kwa jina la Largactil. Kwa mara ya kwanza watu waliokuwa wakifungwa kwa mikanda waliweza kutulia na kuzungumza. Kuta zilianza kupoteza sababu yake. Nchini Nigeria, kuanzia mwaka 1954, Dakta Thomas Adeoye Lambo wa Hospitali ya Aro, mjini Abeokuta, aliwapangia wagonjwa katika nyumba za wanakijiji jirani na hospitali, kila mmoja pamoja na ndugu yake wa kumpikia. Mchana walipata matibabu, jioni walirudi kijijini.

Tanzania nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilianzisha vijiji ambamo waliopata nafuu waliishi, wakalima na kufuga, wakijizoeza kurudi katika maisha ya kawaida. Mojawapo ni Vikuruti, jirani ya Dar es Salaam. Zilikuwa ni siku za Azimio la Arusha, na fikra iliyotawala ilikuwa kwamba mtu hupata utu wake kwa kufanya kazi na wenzake. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mpango wa taifa wa afya ya akili ulianza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ili mgonjwa atibiwe katika zahanati na kituo cha afya kilicho karibu na kwao. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili. Safari hii yote, kutoka gerezani mpaka zahanati, ilikuwa ikielekea mahali pamoja, napo ni mlangoni kwa mama wa mgonjwa.

Lakini yapo mambo ambayo serikali haiwezi kutufanyia. Yaweza kuleta dawa Kyela, lakini haiwezi kutuamulia mtoto wetu alale wapi. Mji wa Geel, huko Ubelgiji, umewapokea wagonjwa wa akili katika nyumba za wenyeji kwa karne nyingi, na katika miaka ya 1930 idadi yao ilipita 3,000. Wakulima wa Geel hawakuwa madaktari. Walimpa mgonjwa chumba, sahani mezani na kazi shambani, na watoto wao walikua wakimwona kuwa mtu wa nyumbani.

KIKAO CHA PILI

Kesho yake tulikutana tena chini ya mwembe. Niliomba nafasi, nikawaeleza wazee kwa ufupi haya niliyoyaandika. Nikawakumbusha pia jambo wanalolijua kuliko mimi. Zamani Wanyakyusa hawakumwacha kijana alale katika nyumba ya baba yake. Wavulana wa rika moja walijenga nyumba zao pembeni, wakalala huko, wakala pamoja, na baadaye mahali hapo pakawa kijiji chao. Kwa hiyo kumjengea kijana nyumba yake nyuma ya migomba si fedheha katika mila zetu, bali ni heshima. Fedheha ni kumjengea nyumba asiyoweza kuifungua, mahali asipokuwa na mwenzake.

Baba Mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wewe mwanangu unarudi mjini. Ghala lililoungua ni langu, na watoto wanaolala karibu yake ni wangu. Historia yako itazima moto?"

Ndugu msomaji, lilikuwa ni swali la haki. Tukimtaka jirani au ndugu aliyeumizwa amsamehe mgonjwa bila ya kumpa uhakika wowote, tunamtwika yeye peke yake mzigo wa ukoo mzima. Ndipo mazungumzo yakaacha kuwa ya nyumba yakawa ya kazi. Nani atahakikisha dawa zinamezwa kila jioni? Mama yake akakubali, na shangazi akasema atamsaidia siku ambazo mama yuko shambani. Nani atampeleka kliniki tarehe ikifika? Kaka yake mkubwa. Nauli itatoka wapi wakati wa mafuriko ya masika, wakati ambao fedha hakuna? Kila nyumba itachanga kidogo baada ya kuuza kokoa. Akianza kukosa usingizi na kusema peke yake, dalili ambazo yeye mwenyewe alizitaja bila ya kuona haya, nani aambiwe kwanza? Hapo kijana alisema, "Nitamwambia Baba Mdogo." Mzee yule akamtazama kwa muda mrefu.

Swali la mwisho lilikuwa la kulala. Kaka yake wa tumbo moja, ambaye hajaoa, alisema watakaa naye nyumba moja. Baba Mdogo alikubali kwa sharti kwamba nyumba ijengwe upande wa kwake, si nyuma ya migomba, ili akisikia lolote usiku aweze kufika upesi. Sikujua kama alisema hivyo kwa mapenzi au kwa hofu. Huenda ni kwa vyote viwili, nami sioni kosa.

Nilikaa siku mbili zaidi nikawakuta wanaanza kukata mianzi. Kijana wetu aliwahi kujifunza useremala kabla ya kuugua, kwa hiyo mlango waliuacha autengeneze yeye. Alipima, akapiga randa, akatoboa tundu za misumari. Baba Mdogo alikuja na komeo mkononi, alilolinunua Kyela mjini kabla ya kikao cha kwanza. Alisimama kidogo, kisha akampa kijana bila ya neno lolote, akaenda zake kutazama mpunga wake.

Komeo lilitiwa upande wa ndani.